Kengele ya Tangi: Kifaa Rahisi cha Kudhibiti Upotevu wa Maji Nyumbani

Matangi ya plastiki, maarufu kama simtanki, yamekuwa sehemu ya kawaida ya makazi katika miji mingi nchini Tanzania. Tangi huiwezesha familia kujiwekea akiba, lakini pia huweza kuwa chanzo cha upotevu pale maji yanapofurika usiku bila mtu kutambua.

Hasara hiyo inakokotoleka. Pampu inayosukuma lita 30 kwa dakika, ikiachwa kwa dakika 20 baada ya tangi kujaa, humwaga lita 600, sawa na ndoo 30 za lita 20. Maji hayo yakiwa yamekwishapita kwenye mita, mteja huyalipia, pamoja na umeme uliotumika kuyasukuma. Mwezi Oktoba, 2022, kina cha Mto Ruvu kilipopungua na wakazi wa Dar es Salaam kuingia katika mgawo, thamani ya kila ndoo ilionekana dhahiri.

Mwananchi mwenye ujuzi mdogo wa umeme anaweza kujitengenezea kengele ya tangi. Mahitaji yake ni betri ya volti 9, transista aina ya BC547, rezista ya omu 1,000, kengele ndogo ya kielektroniki inayolia yenyewe inapopata umeme, na vipande viwili vya chuma kisichoshika kutu. Vipande hivyo huning'inizwa karibu na ukingo wa juu wa tangi bila kugusana. Kimoja huunganishwa na upande chanya wa betri, na cha pili, kupitia rezista, huunganishwa na beesi ya transista. Maji yanapovifikia, mkondo mdogo wa umeme hupita ndani yake, transista hufunguka na kengele hulia. Tangi lisipojaa, betri karibu haitumiki.

Kwa wanaotaka kupima matumizi, kipo kihisi cha mtiririko aina ya YF-S201, ambacho hutoa takriban mipigo 450 kwa kila lita inayopita. Kikiunganishwa na kompyuta ndogo ya Arduino, familia inaweza kuona lita zinazotumika bafuni. Kwa kuwa vihisi hutofautiana, ni vema kipimo kihakikiwe kwa kujaza ndoo ya lita 20.

Usalama upewe kipaumbele. Kifaa kitumie betri pekee. Kazi ya kuunganisha kizimio cha pampu na umeme wa volti 230 iachiwe fundi mwenye leseni. Aidha, mita ni mali ya mamlaka ya maji na haipaswi kuguswa. Kihisi kifungwe kwenye bomba la ndani, baada ya mita.

Ikumbukwe kuwa kengele hutoa taarifa tu. Anayeokoa maji ni mtu anayeamka kuzima pampu. Hata asiye na kifaa anaweza kuanza leo: afunge bomba zote pamoja na maji yanayoingia kwenye tangi, asome mita kabla ya kulala na kuisoma tena asubuhi kabla ya kufungua. Tarakimu zikiwa zimesogea, kuna uvujaji kati ya mita na nyumba, na fundi aitwe mapema.