Remba: Kila Mti Upewe Pini Yake

Rada ya Remba inajulikana. Mabati imegusana na mabati, boti za mbuta zimejaa ufuoni, wasee wa Kenya, Uganda na Tanzania wamebanana kwa kisiwa ndogo ya mawe ya Lake Victoria upande wa Homa Bay, jirani ya Ringiti. Miti? Ni ya kuhesabu. Basi ihesabiwe, moja moja, na kila moja iingie kwa ramani.

Cheki vile setilaiti hutuona. Sentinel-2 ya Ulaya, yenye picha zake ni za bure, pikseli yake moja ni mita 10 kwa 10. Mti umesimama katikati ya keja unamezwa na paa, hauonekani. Alafu FAO, shirika la UN la chakula na kilimo, wanasema msitu lazima ipite nusu hekta. So Remba inapigiwa sufuri, na saa saba mchana wavuvi wako chini ya kivuli wanashona nyavu. Mimi hiyo sufuri siikubali.

Juu inawezekana kuhesabu poa. 2020, mbogi ya Martin Brandt wa Chuo Kikuu cha Copenhagen ilichapisha kazi yao kwa jarida la Nature. Walichukua picha kali za setilaiti, karibu nusu mita kwa pikseli, wakafunza kompyuta kutambua mti mmoja mmoja, na wakapata zaidi ya bilioni 1.8 upande wa magharibi wa Sahara na Sahel, mahali wengi walidhani ni mchanga tu. Lakini kompyuta haijui mti inaitwaje. Haijui ni mathe gani huuza chai hapo chini. Hiyo inataka yut wa kisiwani na simu yake.

Form ni OpenStreetMap, ramani ya bure yenye mtu yeyote anaweza kuongezea. Kibera walifanya hivyo 2009 na Map Kibera: mtaa ulikuwa mtupu kwa ramani, mayut wakatembea na GPS wakaujaza. Na ramani hiyo iko na alama ya mti mmoja pekee yake. Unasimama kando ya shina, unangoja simu ishike, unadunga pini.

Noma inaanzia hapo. GPS ya simu, hata mahali wazi, huteleza kama mita 5. Kwa shamba hiyo si shida. Remba, mita 5 inatupa mti ndani ya nyumba ya jirani! So usiamini nukta. Fungua picha ya angani, tafuta kona ya paa yenye unaijua, usogeze pini hadi penye shina iko kweli. Alafu chukua tepu ya fundi wa nguo, zungusha shina mita 1.3 kutoka chini, andika. Piga picha. Jina weka la sayansi na la Dholuo pia: siala ni Markhamia lutea, ng'owo ni Ficus sycomorus, ober ni Albizia coriaria. Ukikwama uliza wazee, usibahatishe.

Serikali imeseti miti bilioni 15 kufikia 2032, na 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa likizo ya kupanda. Apu ya JazaMiti inarekodi yenye tumepanda. Hiyo ni kazi safi na naiunga mkono. Lakini kupanda na kuishi ni vitu mbili, haswa kwa mwamba, penye mche unaweza kukauka kiangazi moja, na samaki ya moshi kila siku inadai kuni. Pini inakulazimisha urudi mwaka ujao uangalie: bado iko, ama ni kisiki?

Na visiwa vya hii lake havikuwa wazi tangu zamani. Hapo Rusinga, watafiti walichapisha 2014 habari ya visiki vya msitu mnene wa kama miaka milioni 18, penye sokwe wa kale, wakati huo wakimwita Proconsul, aliishi.

Fuo za uvuvi hapa Kenya ziko na BMU, kamati ya kusimamia ufuo, na BMU huweka rejista ya boti na wavuvi. Kwa hiyo rejista iongezwe ukurasa wa miti: namba, jina, mzunguko wa shina, picha, tarehe ya mwisho kuangaliwa. Mtu akitaka kukata, apitie kwa ofisi kwanza, na aonyeshe ni mti gani.