Saa za Kuhesabu Hatua: Zafaa au Hazifai?

Siku hizi saa ya mkononi si ya kutazamia wakati tu. Ziko saa, na mikanda midogo ya mpira inayovaliwa kama saa, ambazo huhesabu hatua za mtu, mapigo ya moyo wake, muda aliolala usiku, na hata nguvu zilizotumika mwilini mwake kwa mazoezi. Jioni saa humwambia mwenyewe: leo umepiga hatua 6,200, bado hujafika. Wanafunzi wa zamani wanaofanya kazi mjini huzivaa, nao wakija kututembelea, sisi tuliobaki shuleni huzitazama kwa tamaa.

Hapa kwetu jambo hili si la mazungumzo tu. Klabu yetu ya mbio imeahidiwa msaada na wanafunzi wa zamani, nasi tumetakiwa kuandika orodha ya vitu tunavyohitaji. Wenzangu wengine wanataka saa hizi ziandikwe mwanzo wa orodha. Wengine wanataka viatu. Fedha hazitoshi kwa vyote viwili. Kwa hiyo yafaa tujue kwanza saa hizi hufanyaje kazi, zinapima nini kweli, na ni nani anayezihitaji.

Ndani ya saa hamna uchawi. Mna kidude kidogo sana kinachohisi mtikisiko. Mtu akitembea, mkono wake huenda mbele na nyuma kwa mpango, na saa huuhesabu mtikisiko wa mpango huo kuwa ni hatua. Ndiyo maana hudanganyika. Mtu anayesukuma baiskeli iliyopakiwa mikungu ya matoke amekamata usukani kwa mikono miwili; mikono yake haichezi sana, basi hatua zake nyingi hupotea bila kuhesabiwa. Na mtu aliyeketi akipiga ngoma aweza kuandikiwa hatua ambazo hakuzipiga.

Mapigo ya moyo hupimwa kwa mwanga. Ukiigeuza saa utaona nyuma yake vitaa vidogo vya rangi ya kijani. Damu hunyonya mwanga wa kijani. Kila moyo unapopiga, damu huzidi kidogo katika mishipa midogo ya mkono, na mwanga unaorudi kwenye saa hupungua. Baina ya pigo na pigo, mwanga huongezeka tena. Saa huhesabu kupungua na kuongezeka huko. Kazi hii huenda vizuri mtu akiwa ametulia na mkanda umeshika barabara. Mkanda ukilegea, au mkono ukitikisika kwa nguvu, hesabu huharibika.

Mambo mengine saa haiyapimi hata kidogo, bali huyakisia. Usingizi, kwa mfano, hupimwa kweli hospitalini kwa nyaya zinazobandikwa kichwani ili kufuata kazi ya ubongo. Saa haina nyaya hizo. Hutazama kama mkono umetulia na moyo unakwenda polepole, kisha husema umelala. Mtu aliyelala macho wazi akiwaza mtihani wa kesho, asijigeuze, aweza kuambiwa asubuhi kwamba alilala vema.

Kadhalika na kalori, yaani kipimo cha nguvu tunazopata katika chakula na kuzitumia katika kazi. Saa huchukua umri wako, uzito wako, urefu wako na mapigo ya moyo wako, kisha hukisia. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza matokeo ya kuzijaribu saa za namna saba kwa watu 60. Namna sita kati ya hizo saba zilihesabu mapigo ya moyo kwa kosa lisilozidi 5 katika 100. Lakini katika kalori hakuna hata moja iliyofaulu: iliyo bora kuliko zote ilikosea kwa 27 katika 100, na iliyo mbaya kuliko zote kwa 93 katika 100. Basi mtu akiambiwa na saa yake kwamba ametumia kalori 400, naye akaongeza sahani ya pili kwa sababu hiyo, anakula kwa kubahatisha.

Sisi wenye ngozi nyeusi yatupasa tuangalie jambo moja zaidi. Saa nyingine hupima pia oksijeni katika damu kwa njia ya mwanga, na weusi wa ngozi nao hunyonya mwanga. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba vyombo vya hospitali vinavyobanwa kidoleni kwa kazi hiyo vilishindwa kuonyesha upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Ikiwa chombo cha hospitali chaweza kukosea hivyo, mgonjwa anayepumua kwa shida asibaki nyumbani kwa kuwa saa ya dukani imemwambia ni mzima.

Sasa tuitazame ile hesabu mashuhuri ya hatua 10,000 kwa siku. Wengi hudhani kwamba madaktari ndio walioiweka. Sivyo. Mwaka 1964 michezo ya Olimpiki ilifanyika Tokyo, na watu wa Japani walikuwa na hamu ya mazoezi. Mwaka uliofuata, 1965, kampuni moja ya saa nchini humo iliuza chombo cha kufunga kiunoni kilichoitwa Manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Hesabu ilikuwa nzuri kwa jina la bidhaa, ikaenea duniani kote.

Wataalamu waliichunguza baadaye. Mwaka 2019 ulitangazwa uchunguzi wa wanawake 16,741 wa Marekani, ambao umri wao wa wastani ulikuwa miaka 72. Waliopiga hatua 4,400 hivi kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa 41 katika 100 wakilinganishwa na waliopiga 2,700. Faida iliendelea kuongezeka mpaka hatua 7,500 hivi, kisha haikuongezeka tena. Ni kweli kwamba mzee mgonjwa hutembea kidogo kwa sababu ya ugonjwa wake, kwa hiyo si sahihi kusema kwamba hatua peke yake ndizo zilizoleta tofauti yote. Hata hivyo twajifunza neno moja: anayekaa kutwa nzima hupata faida kubwa kwa kuongeza hatua chache tu, wala hana haja ya kukata tamaa kwa kuwa hakufika 10,000.

Je, kuvaa saa humfanya mtu atembee zaidi? Hapa ndipo penye kiini cha maneno. Wazee walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mtu asiyehesabu mwendo wake hujidhania kuwa ametembea sana. Mwaka 2007 madaktari wa Marekani walikusanya matokeo ya uchunguzi 26 juu ya watu waliovaa vyombo vya kuhesabu hatua. Waliona kwamba watu hao waliongeza zaidi ya hatua 2,000 kwa siku. Lakini waliofaidika walikuwa wale waliojiwekea lengo. Mapitio mengine, yaliyotangazwa mwaka 2022, yalionyesha ongezeko la hatua 1,800 hivi kwa siku, na uzito uliopungua kwa kilo moja hivi. Si haba, lakini si muujiza.

Upande wa pili nao una ushahidi wake. Huko Pittsburgh, Marekani, vijana 471 wanene, wenye umri wa miaka 18 hadi 35, walifuatwa kwa miaka miwili. Wote walipewa mashauri ya chakula na mazoezi. Baada ya miezi sita baadhi yao walipewa vyombo vya kuvaa, na wengine waliendelea kujiandikia wenyewe habari za mazoezi yao. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016: waliovaa vyombo walipungua kilo 3.5, na waliojiandikia wenyewe walipungua kilo 5.9. Mwaka huohuo yalitangazwa matokeo ya wafanyakazi 800 wa Singapore. Kundi lililolipwa fedha ili litembee lilitembea zaidi wakati wa malipo. Malipo yalipokoma, bidii nayo ilikoma.

Basi twaona kwamba saa ni daftari, na daftari halilimi shamba. Humsaidia aliyekwisha kuamua kulima. Asiyeamua, atakuwa na daftari zuri la shamba lililoota magugu.

Nianze na ninyi, wakubwa zetu mliomaliza hapa. Mlikuwa mkitembea kwenda bombani na kucheza mpira kila jioni. Sasa wengi wenu mnatoka kitandani mnaingia garini, mnatoka garini mnaketi kitini. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya kiasi kwa dakika 150 hadi 300 kila juma. Kwenu ninyi saa yaweza kufaa, kwa masharti matatu. Kwanza, uwe na lengo: hesabu hatua zako kwa juma moja bila kubadili kitu, kisha ongeza 1,000 au 2,000. Pili, ziamini hatua, na mapigo ya moyo ukiwa umetulia. Kalori na usingizi vichukue kama uvumi wa sokoni. Tatu, kumbuka kwamba saa si daktari. Ni kweli kwamba saa nyingine huweza kutambua moyo unaopiga bila utaratibu: katika uchunguzi mmoja uliotangazwa Marekani mwaka 2019, watu 2,161 kati ya 419,297 walipewa onyo la namna hiyo na saa zao. Ukipewa onyo, nenda hospitali. Lakini kutoonywa si cheti cha uzima.

Tena angalieni siri zenu. Habari za mwendo wako hupelekwa kwa kampuni iliyotengeneza programu ya saa. Mwezi wa Januari 2018 ilitambuliwa kwamba ramani iliyotolewa na kampuni ya Strava, kutokana na mbio za wateja wake, ilikuwa ikionyesha njia ambazo askari walikimbia ndani ya kambi zao za nchi za mbali. Ikiwa njia za askari zilijulikana, njia yako ya kila asubuhi yaweza kujulikana pia.

Sasa nije kwetu wanafunzi. Saa nyingi za namna hii huhitaji simu ili habari zake zisomwe vizuri, na shule yetu hairuhusu simu. Huhitaji kutiwa umeme kila baada ya siku chache, nasi twajua foleni ya soketi katika mabweni. Zaidi ya hayo, lile tatizo la kukaa kutwa nzima ambalo saa ilitengenezewa, kwetu si kubwa. Shirika la Afya Duniani lasema kijana wa umri wa miaka 17 au chini yake afanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Anayechota maji, anayefagia uwanja na kucheza mpira jioni ameshazipata bila kuambiwa na saa.

Wakimbiaji watasema: "Sisi twataka kushinda, si kupata afya tu." Hoja hii ina nguvu. Joshua Cheptegei wa Uganda alipoweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 huko Valencia tarehe 7 Oktoba 2020, kwa dakika 26 na sekunde 11, ukingoni mwa uwanja paliwekwa taa zilizomwonyesha mwendo wa kufuata. Kipimo kizuri humfaa yule ambaye kosa la sekunde moja kwa kila mzunguko humharibia kazi. Lakini John Akii-Bua alikimbia mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82 huko Munich mwaka 1972, rekodi ya dunia, saa za namna hii zikiwa bado hazijaonekana. Mazoezi huja kwanza, kipimo hufuata.

Kwa hiyo maoni yangu juu ya orodha yetu ni haya: tuombe viatu, na saa mbili za kawaida za kupimia mbio zitumiwe na klabu nzima, na daftari moja. Mapigo ya moyo twaweza kuyahesabu wenyewe bila gharama. Asubuhi, kabla ya kuondoka kitandani, weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Usitumie kidole gumba chenyewe, maana kina pigo lake. Hesabu kwa nusu dakika, kisha zidisha kwa mbili. Mtu mzima aliyetulia hupata mapigo 60 hadi 100 kwa dakika, na mkimbiaji aliyezoea huweza kuwa chini ya hapo. Andika kila siku. Ukiona hesabu yako imepanda sana kupita kawaida yako kwa siku kadhaa, pumzika, au mwone muuguzi wa shule. Na ukiwa mbioni, jipime hivi: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, unafanya mazoezi ya kiasi, ukishindwa hata kuzungumza maneno machache bila kutweta, unafanya makali.

Mwenye fedha zake na lengo lake, na anunue saa, wala asichekwe. Asiye nazo asidhani kwamba amenyimwa afya. Hatua isiyohesabiwa na mtu yeyote bado ni hatua, na mwili huipokea vilevile.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita