Jitengenezee Eriali ya Redio kwa Waya, Mbao na Kioo

Redio ni msaada mkubwa kwa mkulima. Humpasha habari za mvua, bei ya mazao na magonjwa ya mifugo, na siku ambazo simu hazipati mtandao, redio ya betri huendelea kusema. Lakini wako wakulima wakaao mabondeni au nyuma ya milima ambao FM haiwafikii, na wakifungua AM husikia kelele tu.

Mawimbi ya FM huenda moja kwa moja na huzuiwa na kilima. Mawimbi ya AM hufuata uso wa nchi, na usiku hurudishwa chini kutoka juu angani, hata yaweza kusikika umbali wa mamia ya kilomita. Basi kabla hujaitupa redio yako, isaidie kwa eriali ya fremu. Eriali hii ni ya AM. Kwa FM haifai.

Wengine hutundika waya mrefu juu ya mti. Waya huo huleta stesheni pamoja na kelele, tena ni hatari wakati wa radi, hasa sehemu kama Kisii na Kakamega. Eriali ya fremu hukaa ndani ya nyumba.

INAVYOFANYA KAZI

Eriali hii ina sehemu mbili: mizunguko ya waya, na kapasita. Kapasita ni vibati viwili vilivyokaribiana bila kugusana.

Fikiri juu ya bembea. Bembea ya kamba fupi huenda upesi, ya kamba ndefu huenda polepole. Ukiisukuma kwa kufuata mwendo wake, hata mtoto mdogo aweza kuipeleka juu. Waya na kapasita navyo vina mwendo wao. Ukizidisha mizunguko, au sehemu ya vibati inayoelekeana, mwendo hupungua, ukipunguza, huongezeka. Mwendo ukilingana na ule wa stesheni uitakayo, wimbi lake hupata nguvu, na stesheni nyingine hubaki nyuma.

FREMU

1. Chukua mbao mbili nyembamba za urefu wa sentimita 85. Zipigilie misumari ziwe msalaba.

2. Kila ncha pigilia kijiti cha sentimita 8, kikiwa kimekingama. Kitie alama 11 za msumeno, kila moja milimita 6 kutoka kwa mwenzake.

3. Zungusha waya mwembamba wenye ganda la plastiki mara 11, kila mzunguko katika alama yake. Utapata mraba wa sentimita 60 kila upande. Mita 28 za waya zatosha.

4. Menya ganda katika ncha mbili za waya, tayari kwa kapasita.

KAPASITA

Ukiwa na redio ya zamani iliyokufa, toa kile kifaa kinachozunguka unapotafuta stesheni. Hiyo ndiyo kapasita. Kama ina sehemu mbili, ziunganishe pamoja.

Ukikosa, jitengenezee kwa kioo cha dirisha cha unene wa milimita 3, urefu wa sentimita 40 na upana wa sentimita 20. Kwanza sugua kingo zake kwa jiwe la kunolea, zisije zikakukata. Chini ya kioo, upande mmoja, gundisha karatasi ya alumini ya kufunikia chakula, sentimita 20 kwa 15. Gundisha nyingine ya kipimo hicho hicho chini ya kibao kilichonyooka, uiweke juu ya kioo. Unganisha ncha moja ya waya na alumini ya chini, na ncha ya pili na ile ya kibao. Alumini hailehemiki kwa urahisi, basi ibane kwa skrubu au kibanio.

Vikielekeana kabisa, nguvu yake ni kama pikofaradi 500. Ukikisogeza kibao kando, hupungua. Kitie mpini wa mti, kwa maana mkono ukikaribia alumini hubadilisha mwendo.

KUITUMIA

Hakuna waya wa kuingia katika redio. Weka redio karibu na fremu, urefu wake ukipita katikati kama mshale upitao ndani ya pete. Tafuta stesheni hafifu, kisha sogeza kibao polepole hata sauti ipande ghafula. Ikiwa stesheni za chini, karibu na 530, hazipandi, ongeza mzunguko mmoja wa waya. Ikiwa za juu, karibu na 1,600, hazipandi, punguza mmoja.

Kisha geuza fremu na redio pamoja. Ukingo wa fremu ukielekea stesheni, sauti huwa kubwa. Uso wake ukielekea, sauti hufifia. Jambo hili ni la faida sana: uelekeze uso kwenye kelele, kama ua wa umeme wa ng'ombe au mitambo ya sola, na kelele itapungua. Kama kelele na stesheni ziko upande mmoja, hamisha redio chumba kingine.

ONYO KWA WANAOTAKA KUPELEKA SAUTI

Watu wa redio ya ridhaa hutumia eriali ya namna hii kuzungumza na nchi za mbali. Kwa megahezi 7, bomba la shaba lililokunjwa duara la upana wa mita moja lahitaji kapasita ya pikofaradi 200 hivi. Lakini usijaribu kwa kapasita ya redio kuukuu. Wati 10 tu zaweza kuleta karibu volti 1,000 katika kapasita, na wati 100 volti elfu kadhaa. Cheche huruka, na mwenye kugusa huungua.

Tena kupeleka sauti bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ni kosa. Mwenye leseni hupewa jina la kuitia linaloanza kwa 5Z4. Kusikiliza kwa fremu yako hakuna hatari hiyo, maana haina umeme ila ule mdogo mno uletwao na mawimbi yenyewe.

Ijaribu jioni, baada ya jua kutua, ndipo stesheni za mbali huwa nyingi. Tia alama ya kalamu juu ya kioo pale ilipo stesheni yako, ili siku ya habari muhimu usipoteze wakati kuitafuta.