Korija tatu ni dazeni ngapi? Vipimo vya kale na faida ya mfanyabiashara wa leo

Mnunuzi anayetaka mashati 60 anaweza kuyaagiza kama dazeni 5 au kama korija 3. Idadi ni ile ile. Tuchukue mfano: duka moja la jumla linataka shilingi 96,000 kwa dazeni, na la jirani linataka shilingi 156,000 kwa korija. Mwenye haraka atakimbilia dazeni kwa sababu tarakimu yake ni ndogo. Lakini ukigawanya, shati la dazeni ni shilingi 8,000 na la korija ni shilingi 7,800. Kwa mashati 60 tofauti ni shilingi 12,000, na kwa mchuuzi wa rejareja hiyo huenda ndiyo nauli ya mzigo wote.

Dazeni ni vitu 12, korija ni vitu 20, grosi ni dazeni 12, yaani vitu 144. Vipimo hivi vimeishi Pwani ya Afrika Mashariki na bara lake kwa vizazi, vikapita tawala na sarafu mbalimbali, na bado vinatajwa kila siku kwenye maduka ya nguo, vifaa vya shule, vyombo na mbao. Wapo wanaoona ni mabaki ya zamani yanayofaa kufutwa. Makala hii inasema vinginevyo. Kipimo cha kale hakimdhuru mtu. Anayeumia ni yule anayekubali bei kabla ya kujua bei hiyo ni ya vitu vingapi.

Kwa nini havijafa

Dazeni imedumu kwa sababu ni rahisi kuigawa. Vitu 12 hugawika kwa 2, 3, 4 na 6 bila kubaki kitu. Wachuuzi watatu wanaochanga fedha kununua dazeni moja ya vikombe hawana la kugombania: kila mmoja anaondoka na vinne. Kumi haiwezi kufanya hivyo. Korija nayo hugawika kwa 4, 5 na 10, na humfaa anayehesabu mzigo kwa mikono: mitano mitano mara nne, alama moja inachorwa, hesabu inaanza upya.

Viwanda navyo vimeshika utaratibu huo. Penseli hufungwa 12 katika pakiti, na pakiti 12 hukamilisha grosi. Madaftari ya shule huuzwa kwa dazeni. Kreti ya soda za chupa ina chupa 24, yaani dazeni 2. Kando yake kumeingia vifungashio vinavyofuata hesabu nyingine. Trei ya mayai ni 30, ambayo ni dazeni mbili na nusu. Kalamu za wino huja mara nyingi katika boksi la 50, kwa hiyo boksi tatu ni kalamu 150, sita zaidi ya grosi. Rimu ya karatasi, iliyowahi kuwa karatasi 480, leo ni 500.

Hapo ndipo ubadilishaji unapokuwa kazi ya kila siku. Mwenye duka ananunua mayai kwa trei, hoteli inaandika mahitaji yake kwa dazeni, na mteja wa mtaani anataka mayai manne. Daraja linalounganisha hesabu hizi ni namba 60. Ndani ya 60 mna dazeni 5, korija 3 na trei 2 kamili. Anayeikariri namba hiyo moja anaweza kulinganisha bei za wauzaji watatu akiwa amesimama kaunta. Kwa mizigo mikubwa, namba ya kushika ni 720: grosi 5 au korija 36.

Biashara ya boriti

Hakuna bidhaa iliyofungamana na korija kuliko miti ya mikoko. Kwa karne nyingi majahazi kutoka Uarabuni na Ghuba yalishuka na pepo za kaskazi hadi Lamu na delta ya Rufiji, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti. Nchi zile hazikuwa na miti ya kuezekea, na nyumba za kale za Ghuba, kama zile za mawe za Lamu, zilijengwa kwa vyumba vyembamba kwa sababu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alisafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait lililofika Rufiji kupakia mzigo huo, na akaisimulia safari hiyo katika kitabu chake Sons of Sinbad cha mwaka 1940. Mti ulikatwa, ukahesabiwa, ukapakiwa na kuuzwa kwa ishirini ishirini, kuanzia msituni hadi bandari ya ng'ambo. Mkataji wa Rufiji, nahodha wa Kuwait na mjenzi wa Bahrain hawakuhitaji kubadili hesabu, kwa kuwa wote walikuwa ndani ya korija.

Kenya ilipiga marufuku kupeleka miti ya mikoko nje ya nchi mwaka 1982, na Ghuba yenyewe ilikwisha kuhamia kwenye saruji na chuma. Lakini Lamu bado inajenga kwa mikoko, na bado inaihesabu kwa korija.

Biashara hii ina funzo kwa wafanyabiashara wote. Korija husema idadi tu, haisemi ukubwa. Ndiyo maana wakataji waliipa miti majina kwa unene wake: fito kwa ile myembamba kabisa, kisha pau, mazio, boriti na nguzo. Korija ya pau na korija ya nguzo zote ni miti 20, lakini mti wenye kipenyo cha sentimita 12 una ubao mara nne ya mti wa sentimita 6 wenye urefu uo huo. Anayeuliza bei ya korija bila kutaja daraja la mti bado hajauliza bei. Watu wa pwani walilitatua jambo hilo zamani: daraja kwanza, idadi baadaye, bei mwisho. Utaratibu huo ungewafaa sana wanaonunua viatu, vigae na nyaya leo.

Nguo: doti, jora na yadi

Kwenye nguo mambo yana safu zaidi. Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vinavyofanana. Hivyo anayeambiwa korija ya kanga lazima aulize swali moja: korija ya doti au ya vipande? Ikiwa ni ya doti, anapata vipande 40. Ikiwa ni ya vipande, anapata doti 10 tu. Neno ni moja na mzigo wa kwanza ni mara mbili ya wa pili.

Katika misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, kitambaa kilikuwa fedha, na ngazi zake zilijulikana. Shuka moja ilikuwa mikono 4, yaani takriban yadi 2. Shuka 2 zilifanya doti, na jora la merikani lilitoa doti saba na zaidi. Shanga nazo zilihesabiwa kwa kete, na kete 10 zilikuwa fundo moja. Kiongozi wa msafara aliyekosea ngazi hizo aliishiwa kabla hajafika alikokwenda.

Leo tatizo limehamia kwenye mita na yadi. Yadi ni sentimita 91.44, kwa hiyo mita 100 za kitambaa ni yadi 109 na zaidi kidogo. Muuzaji anayenunua kwa mita na kuuza kwa yadi kwa bei ile ile ya mita anapata yadi 9 za ziada katika kila mita 100. Mnunuzi wa kitenge cha yadi 6 anajua atapata vipande 3 vya yadi 2. Lakini akiuziwa "jora" bila kuambiwa lina urefu gani, amenunua jina. Kale jora lilikaribia yadi 30. Leo urefu hutegemea kiwanda, na njia pekee ya kuujua ni kusoma lebo au kupima.

Frasila na gunia

Vipimo vya uzito navyo vina mitego yake. Karafuu za Unguja na Pemba, na pembe za ndovu kabla yake, ziliuzwa kwa frasila. Wakia 16 zilikuwa ratli moja, ratli 3 mani moja, na mani 12 frasila moja. Wakia yenyewe ilipimwa kwa uzito wa riali ya fedha ya Maria Theresa. Kwa hesabu za wasafirishaji frasila ilikuwa pauni 35, yaani takriban kilo 15.9.

Frasila 64 ni pauni 2,240, yaani tani moja kamili ya Kiingereza, na hapo hesabu za Forodhani na za London zilikutana bila sehemu kubaki. Lakini tani ya leo, ya kilo 1,000, ni takriban frasila 63. Mkulima aliyefundishwa na babu yake kwamba tani ni frasila 64 atatoa frasila moja ya ziada katika kila tani, bila malipo. Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar hununua karafuu kwa kilo, na kwa mkulima huo ni ulinzi mkubwa.

Gunia la mahindi linaonyesha jambo lilo hilo mpakani. Nchini Kenya gunia huhesabiwa kuwa kilo 90, na Tanzania kilo 100. Anayepanga kununua magunia 100 upande mmoja na kuyauza kama magunia 100 upande wa pili anaweza kujikuta na tofauti ya tani nzima. Lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu, ni ubaya wa aina nyingine: hapo kipimo hakikueleweka vibaya, kimepanuliwa makusudi ili jasho la mkulima lipite bila bei. Tanzania hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na kanuni za Kenya za mwaka 2019 ziliweka mfuko wa viazi kuwa kilo 50. Sheria hizo ni nzuri. Kazi iliyobaki ni kuzisimamia shambani, kabla lori halijaondoka.

Nyongeza ina thamani gani?

Muuzaji mwema huongeza kimoja juu ya mzigo, na mnunuzi hushukuru. Nyongeza hiyo nayo ina hesabu. Ukilipia 12 ukapewa 13, umepunguziwa asilimia 7.7 kwa kila kitu. Ukilipia 20 ukapewa 21, ni asilimia 4.8. Ukilipia grosi ukaongezwa kimoja, punguzo halifiki hata asilimia moja. Anayenunua grosi nzima ana haki ya kuomba kimoja kwa kila dazeni, yaani 12.

Tena bei ya kimoja kimoja haimalizi kazi. Dazeni ya nguo au viatu mara nyingi huja na saizi mchanganyiko. Ikiwa katika dazeni ya shilingi 96,000 saizi mbili hazina wateja mtaani kwako, gharama yote inabebwa na vitu 10, na kila kimoja kimekugharimu shilingi 9,600 badala ya 8,000. Muuzaji wa jumla anakugawia mzigo kwa hesabu yake. Wewe gawanya gharama kwa hesabu ya kile kitakachouzika.

Kile ambacho risiti inapaswa kusema

Wakala wa Vipimo nchini Tanzania na idara ya vipimo na mizani nchini Kenya hukagua mizani, pampu za mafuta na vyombo vya kupimia, na kuvipiga muhuri. Korija, doti na dazeni havipigwi muhuri. Hivyo vinasimama juu ya maelewano ya watu wawili, na maelewano yasiyoandikwa huyeyuka mzigo unapofunguliwa.

Dawa yake haina gharama. Kila ankara na kila risiti ya jumla iandike mambo matatu: jina la kipimo, idadi kamili ya vitu ndani yake, na bei ya kimoja. "Korija 2 za doti, vipande 80, shilingi kadhaa kwa doti." Mstari mmoja kama huo unamaliza ugomvi kabla haujazaliwa, iwe mzigo umetoka duka la pili Kariakoo au umeagizwa Dubai kwa picha za simu. Vyama vya wafanyabiashara vinaweza kuufanya kuwa desturi bila kungoja sheria mpya, na walimu wa hesabu wangefanya vyema kuwapa wanafunzi maswali ya korija na frasila, kwa sababu watakutana nayo sokoni.

Vipimo hivi viliunganisha Lamu na Kuwait, Tabora na Bagamoyo, wakulima wa Pemba na wanunuzi wa ng'ambo, na vilifanya hivyo kwa sababu pande zote mbili zilijua idadi iliyo ndani yake. Sharti hilo halijabadilika. Muuzaji anayeitaja idadi waziwazi hapotezi faida halali hata senti moja, na mnunuzi anayeiuliza kabla ya bei anarudi na mtaji wake mkononi.