Je, Wajua? Pikapu Ikigoma Mlimani, Tazama Moshi Kwanza

Moshi wa pikapu kuukuu ya dizeli unaweza kukuokolea bei ya nozeli mpya. Chukua Hilux ya injini ya 5L: lita 3, haina tabo. Ukikanyaga mafuta mlimani ikatoa moshi mweusi tii, dizeli inafika ila hewa haitoshi, au nozeli zinamwaga badala ya kunyunyiza. Anza na chujio la hewa, ndilo rahisi. Ikilegea bila moshi wowote, ina njaa ya dizeli: chujio la mafuta limeziba, au bomba linavuta hewa.

Kuna mahali ambapo hata fundi mzuri hupasahau: tundu la hewa kwenye mfuniko wa tangi. Likiziba, hewa haiingii kuchukua nafasi ya dizeli inayotoka, na pampu huvuta hadi ishindwe. Gari likilegea, simama, fungua mfuniko. Ukisikia "fsss" na nguvu zikarudi, umepata jibu bila kutoa hata senti.

Injini ikinguruma lakini mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Rimu moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, breki yake imeshika.

Halafu kuna mwinuko. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Pikapu iliyotoka Dar es Salaam ikiwa nzima hufika Mbeya, mita 1,700 hivi, imepungukiwa karibu sehemu moja ya sita, na haina ugonjwa wowote.