Je, Wajua? Mvuke wa Olkaria Haulali

Kenya ilianza kuzalisha umeme kwa joto la ardhini mwaka 1981, miaka 11 kabla mataifa hayajaupitisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Tabianchi. Mtambo wa kwanza wa Olkaria, karibu na Ziwa Naivasha, ulikuwa wa megawati 15 tu. Leo mvuke wa ardhini, pamoja na maji, upepo na jua, hutoa takriban asilimia 90 ya umeme unaozalishwa nchini.

Mwaka 2020 serikali iliahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 32 ifikapo 2030, ikilinganishwa na kiwango ambacho kingefikiwa bila kuchukua hatua. Si ahadi nyepesi: umeme tayari ni safi, na sehemu kubwa ya gesi hizo hutoka kwenye kilimo, mifugo na ukataji wa misitu.

Kwenye umeme, basi, kibarua kikubwa ni matumizi. Usiku wa manane watu wamelala, visima bado vinafoka, na mvuke usiohitajika huachiliwa hewani. Ndiyo maana Desemba 2017 viwanda vilianza kupewa nafuu ya bei kwa umeme wa ziada vinaoutumia usiku. Nyumbani nako, majokofu huuzwa yakiwa na lebo ya nyota inayoonyesha jinsi yanavyobana umeme. Kadiri nyota zinavyoongezeka, ndivyo bili inavyopungua.