Tundu la Koo Halimalizi Mtu

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji wa ukurasa huu, hapa Mshangano, katika Manispaa ya Songea, nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba mgonjwa akishatobolewa koo hospitalini, basi safari yake imekwisha. Kwa hofu hiyo, wapo ndugu wanaosita kutia sahihi karatasi ya upasuaji. Juma hili tuyapime maneno hayo.

Upasuaji huo huitwa trakeostomia. Daktari hufungua tundu mbele ya shingo, chini ya koromeo, akapitisha mrija mpaka kwenye bomba la hewa. Hufanywa pale njia ya hewa inapozibwa na uvimbe, saratani au majeraha ya ajali, au mgonjwa anapohitaji mashine ya kupumulia kwa muda mrefu. Bila tundu hilo wengine wasingefika asubuhi.

Hata hivyo, matatizo yapo. Mwaka 2011, madaktari wa Bugando, Mwanza, walichapisha taarifa ya miaka 10 kuhusu wagonjwa 214 waliofanyiwa upasuaji huo. Takriban mmoja kati ya kila watano alipata tatizo. Wengi walipasuliwa kwa dharura, na hao ndio waliopata matatizo zaidi kuliko waliopangiwa mapema. Kwa hiyo, mtu ambaye sauti imemkauka kwa zaidi ya wiki tatu, au anayetoa mlio anapovuta pumzi, asingoje mpaka abebwe.

Wengine walio hatarini ni watoto wadogo, ambao mrija wao ni mwembamba na huziba upesi. Wenye shingo fupi na nene. Wenye kisukari, ambao vidonda vyao huchelewa kupona. Na wanaokaa na mrija siku nyingi.

Matatizo yenyewe ni kutokwa damu, kidonda kuingiwa na vijidudu, mrija kuchomoka na mrija kuziba. Kwa nini huziba? Pua zetu huchuja vumbi na kuipa hewa joto na unyevu. Hewa inayopita shingoni haipati huduma hiyo, hivyo makohozi hukauka na kuganda ndani ya mrija kama ukoko wa ugali. Na mrija ukichomoka katika juma la kwanza, tundu huweza kujifunga, maana njia yake bado haijakomaa. Ndugu asijaribu kuurudisha. Amwite muuguzi papo hapo.

Kinga yake ni kazi ndogo ndogo zisizokosa kufanywa. Mikono inawe kabla ya kumgusa mgonjwa. Makohozi yafyonzwe kwa mpira safi, bila kuzidisha sekunde 15 kwa mara moja. Hewa ipewe unyevu, na mrija wa ndani usafishwe kila siku, tena zaidi ya mara moja. Kamba ya shingoni ibane kiasi cha kupitisha kidole kimoja. Puto la mrija lisijazwe kupita kiasi, kwani huchubua bomba la hewa. Kando ya kitanda iwepo mirija miwili ya akiba: mmoja wa saizi ileile, mwingine mdogo zaidi.

Mimi mkate wangu ni sauti yangu, hivyo jambo la mwisho linanigusa. Mwenye mrija kwa kawaida hatoi sauti, kwa kuwa hewa haipiti tena kooni. Akizibwa usiku wa manane hawezi kupiga yowe. Apewe kengele, au hata sufuria na kijiko, pamoja na daftari na kalamu. Nawe unayemwuguza, sikiliza pumzi zake. Ukisikia mlio kama filimbi, ukimwona anahangaika, anatokwa jasho au midomo inabadilika rangi, ita msaada. Usingoje daktari apite asubuhi.

Basi, ukiletewa karatasi ya kutia sahihi, badala ya kukimbia uliza maswali mawili: nani atautunza mrija huu usiku, na sisi ndugu tufundishwe nini? Kwaherini mpaka juma lijalo.